Tembo Akiua, Mtu Akiua

Tembo akivuka kutoka porini, akaingia shambani na kumuua mkulima, Serikali ya Tanzania ina jedwali. Kanuni za Kifuta Jasho na Kifuta Machozi za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa, 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na 200,000 kwa aliyejeruhiwa akapona. Kuna fomu ya kujaza, kuna afisa wanyamapori wa wilaya anayekuja kuthibitisha, kuna fungu katika bajeti ya wizara. Malipo huchelewa, na wabunge wa majimbo yanayopakana na mapori wamelalamika bungeni mara nyingi. Lakini hata lalamiko lao linathibitisha jambo: kuna kitu cha kudai, na kuna wa kudaiwa.

Mkulima yuleyule akiuawa njiani na watu waliomvizia, hakuna jedwali. Kuna jalada polisi. Kuna PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kama alifikishwa hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda akiwa bado anapumua. Kuna kesi, ikiwa mtu amekamatwa. Fomu ya mjane haipo.

Watu wa Chidya, na wa nchi yote hii ya Masasi, na wa Newala kwenye Uwanda wa Makonde, wanaishi karibu na hatari zote mbili. Magharibi kuna mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule. Kusini kuna Mto Ruvuma wenye mamba na viboko. Barabarani, usiku, kuna watu. Basi tuweke mbele yetu wajane wawili, wa kufikirika wote wawili, ingawa msomaji wa huku hatakosa kukumbuka mtu. Wa kwanza, mumewe amekanyagwa na tembo akilinda mahindi. Wa pili, mumewe alikuwa dereva wa bodaboda; alikodiwa saa tatu usiku na abiria asiyemfahamu, asubuhi akakutwa pembeni ya barabara na pikipiki haipo. Wote wameachiwa watoto, mikorosho kadhaa na deni la salfa ya kuipulizia. Wote wamekaa matanga, wamepokea rambirambi, wamebaki peke yao baada ya arobaini. Tofauti yao ni aliyeua. Nataka kuuliza kwa nini tofauti hiyo iwe na uzito mkubwa hivi mbele ya Hazina.

Jibu la kwanza ni jepesi, na wanasheria watalitoa haraka. Wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inawaweka mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye ng'ombe hujibu ng'ombe wake akila shamba la jirani. Muuaji wa dereva wa bodaboda si mali ya mtu, ana akili yake na utashi wake, kwa hiyo ajibu mwenyewe.

Jibu hili linaonekana limenyooka, ila Serikali yenyewe hailitumii. Mawaziri wamerudia bungeni kwamba kinacholipwa kwa ajili ya tembo si fidia. Na viwango vinaonyesha hivyo. Mwenye ng'ombe hulipa hasara yote iliyotokea. Aliyepanga shilingi 100,000 kwa ekari kwa kiwango cha juu kabisa, tena zisivuke ekari tano, kama kanuni za 2011 zilivyofanya, hakulipa kama mwenye mali aliyekiri kosa. Malipo haya yana msingi mwingine, na nadhani msingi huo ni mkuki.

Zamani mwanakijiji aliyesumbuliwa na tembo alikuwa na njia zake: shimo, mtego, mkuki, gobore, na kundi la vijana wenye uzoefu. Sheria imemwambia aziweke chini, isipokuwa pale anapojihami. Mnyama huyu analindwa kwa faida ya nchi nzima, watalii wamwone, vizazi vijavyo vimkute. Manufaa yanakwenda kwa wote, hatari inabaki kwa anayelala karibu na pori. Kifuta machozi kinatoka hapo. Mtu aliyekatazwa kujilinda kwa njia yake, kwa ajili ya manufaa ya wote, hawezi kuachwa abebe gharama ya katazo hilo peke yake. Ndivyo ninavyouelewa wajibu huu wa Serikali, na nikiuelewa hivyo, siwezi tena kumwacha mjane wa pili nje ya mlango. Yeye na ndugu zake pia wamekatazwa jambo.

Wamekatazwa kisasi. Wamekatazwa pia kudai damu kwa njia ya ukoo, na hili tunalisahau kwa kuwa limekuwa la zamani. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyesimamia mambo ya watoto wa dada yake, wakiwa hai na wakifa. Mtu akiuawa, jambo lilikuwa kati ya koo mbili. Wajomba wa marehemu waliudai ukoo wa muuaji, na ukoo wote ulidaiwa, akiwemo yule ambaye siku ya tukio alikuwa safarini. Usipolipa, koo hizo ziliingia vitani.

Sitamani tuurudie utaratibu huo. Malipo yake wakati mwingine yalikuwa mtu: msichana au mtumwa alitolewa akazibe pengo la aliyekufa, na hivyo jeraha la ukoo mmoja likafungwa kwa kumjeruhi mtu asiyehusika kabisa. Ukoo wenye nguvu ulilipa ulipotaka; mnyonge alimeza. Ila utaratibu ule ulijua jambo moja ambalo sheria yetu ya leo hailijui. Deni halikufa kwa sababu muuaji ni maskini au ametoroka. Nyuma yake walikuwapo watu waliombeba, na aliyefiwa alijua pa kwenda kudai.

Halafu dola ikaja. Wajerumani, Waingereza, kisha Jamhuri, kila mmoja kwa namna yake alisema: damu si jambo la koo tena, ni jambo langu. Leo hati ya mashtaka huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyevunjwa taya anaingia mahakamani kama shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Hamteui mwendesha mashtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa kesi bila kumwomba ruhusa. Faini ikitozwa, inaingia serikalini. Mshtakiwa akifungwa, atalala na kula kwa gharama ya walipa kodi, pamoja na huyo huyo mwenye taya iliyovunjika, anayelipa kodi kila anunuapo sukari.

Nasema haya bila kulaumu msingi wake. Kuondoa kisasi mikononi mwa ndugu wenye uchungu ni kati ya mambo makubwa ambayo dola imewahi kumfanyia mwanadamu. Vijiji vyetu vinalala kwa sababu hiyo. Lakini aliyesema kwamba kosa hili amekosewa yeye, akaichukua kesi ikawa yake, hawezi kuchukua dai akaacha wajibu. Alipoliondoa dai mikononi mwa ukoo wa marehemu, aliuvunja pia wajibu wa ukoo wa muuaji. Nafasi ile ya watu waliosimama nyuma ya deni imebaki wazi, na aliyeifanya iwe wazi ni yeye.

Katiba yetu imelisogelea wazo hili zaidi ya tunavyokumbuka. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, na pamoja nayo haki ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Jamii ndiyo iliyotajwa. Ibara ya 107A, iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2000, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoumizwa na makosa ya wengine, kwa kufuata sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Mtu akisoma maneno hayo atadhani mjane wa dereva wa bodaboda ameshafikiriwa.

Tukitafuta sheria zenyewe tunakuta hivi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 31, inamruhusu hakimu kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu sehemu ya faini impoze aliyeumizwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inataka aliyebakwa aamriwe fidia. Zote zinaelekeza macho kwenye mfuko mmoja, wa mkosaji, na ili mfuko huo ufunguke ni lazima mtu akamatwe, athibitike kuwa na hatia, kisha awe na mali. Aliyehukumiwa miaka 30 kwa kubaka yuko Gereza la Lilungu au jingine kama hilo. Atalipa kwa nini? Kwa mikorosho ambayo watoto wake, wasio na kosa, wanaitegemea kwa daftari na chakula? Na mume aliyempiga mkewe akamtoa meno, akiamriwa kulipa, fedha inatoka kwenye chungu kilekile ambacho mke na watoto wanakula. Hakimu anatimiza sheria, na majeruhi anaondoka na karatasi.

Mwingereza Margery Fry, aliyeutumia uhai wake kutetea wafungwa, alilitazama jambo hili akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1957 aliandika katika gazeti la Observer la London kuhusu mtu aliyepofushwa macho kwa kupigwa. Mahakama ilimpa fidia ya pauni 11,500. Waliompiga, walipotoka gerezani, waliamriwa kulipa shilingi tano za Kiingereza kwa wiki kila mmoja. Fry alipiga hesabu: kipofu yule angehitaji kuishi miaka mingine 442 ili apokee yote. Hesabu hiyo moja ilifanya kazi kuliko hotuba nyingi. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963 na kuanza kulipa waathirika kutoka hazina ya umma Januari 1964, Uingereza ikafuata Agosti mwaka huohuo. Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zijitahidi kumlipa mwathirika pale mkosaji anaposhindwa. Kenya, jirani yetu, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa mwaka 2014, na ndani yake ikaanzisha mfuko wao.

Ila tusidhani wazo hili limetoka Ulaya. Miaka kama 3,700 iliyopita, huko Babeli, sheria za Hammurabi zilisema mnyang'anyi asipokamatwa, mji na mkuu wake ndio walipe kilichoibwa. Na kama roho imepotea, wawapimie ndugu za marehemu fedha. Waislamu wa Newala wanaijua habari ya Abdallah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar. Muuaji hakujulikana, ndugu hawakuweza kuapa juu ya jambo wasiloliona, na Mtume Muhammad (S.A.W.) akalipa diya yake ngamia mia moja kutoka ngamia wa sadaka, ili damu isipotee bure. Na Wakristo ambao babu zao walisomeshwa na Waanglikana wa Masasi na Chidya wanaweza kufungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 21: maiti ikikutwa porini na muuaji hajulikani, wazee wapime umbali hadi miji ya jirani, na mji ulio karibu zaidi ujitokeze kujibu mbele za Mungu. Umbali unapimwa, kama afisa wanyamapori anavyopima leo shamba liko kilomita ngapi kutoka mpaka wa hifadhi. Katika sheria ya Babeli na katika tukio la Khaybar, mkosaji kutoonekana hakufuti jambo. Ndipo wajibu wa wote unapoanza. Sisi tumepafanya hapo ndipo mwisho.

Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Waliua watu, wakachoma nyumba, wakarudi walikotoka. Mahakama ya Mtwara itamwamuru nani alipe? Mjane wa Kitaya hana mshtakiwa wa kumtazama kizimbani. Lakini Kitaya ni Tanzania, na ulinzi wa mpaka ule ni kazi ya dola, si ya mjane. Kama kuna mahali ambapo fikra ya kutegemea mfuko wa mkosaji inakwisha kabisa, ni pale ukingoni mwa mto.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, nami sitaki kulipita juu juu. Wanasema: ukianza hivi utaishia wapi? Radi inaua. Kipindupindu kinaua. Mtu huanguka kutoka kwenye mwembe. Je, Serikali ilie na kila mfiwa? Hapana, na sababu yake imo katika hoja yenyewe. Hakuna aliyemkataza mtu kujikinga na radi. Hakuna aliyechukua kesi ya radi kuwa yake. Aliyekufa kwa radi amepatwa. Aliyeuawa kwa panga amekosewa, na amekosewa ndani ya uhusiano ambao dola iliuingia kwa hiari yake: wewe acha silaha, mimi nitakulinda, na nikishindwa mimi ndiye nitakayeshtaki. Msaada kwa aliyepigwa na radi ni huruma, na huruma ni njema. Malipo kwa aliyepigwa panga ni matokeo ya ahadi. Mfanyakazi akiumia na mashine kiwandani tumemwekea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya 2008. Aliyegongwa na gari ana bima ya lazima. Aliyesafirishwa kama bidhaa alitungiwa mwaka huohuo wa 2008 sheria yenye mfuko wake. Tumekwisha kukubali wazo hili mlango kwa mlango, tukauruka mlango wa aliyekatwa panga.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wafiwa wenyewe. Roho haina bei. Mtu akikuletea fedha kwa ajili ya mwanao aliyeuawa, unaweza kuhisi unanunuliwa unyamaze. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa amri ya malipo kwa watu wa Bogoro, Ituri, mashariki mwa Kongo, kijiji kilichoshambuliwa Februari 2003. Germain Katanga, aliyetiwa hatiani, hakuwa na kitu. Watu 297 waliamriwa kupewa dola 250 kila mmoja, na Mfuko wa Waathirika ukaombwa kusimama mahali pake. Dola 250 kwa mtu aliyepoteza nyumba, ng'ombe na mzazi. Mahakama yenyewe ilisema ni kiasi cha ishara.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nimefika hapa: fedha hiyo haisemi marehemu alikuwa na thamani gani. Haiwezi, na ikijaribu itasema uongo. Inasema mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba umekosewa, na sisi tulioahidi kukulinda tunakiri. La pili ni muda. Kwa mjane wa Chidya muda ndio kila kitu. Mtu akipigwa panga mwezi wa Julai, korosho hazijaanguka. Hospitali inataka fedha ya upasuaji leo. Familia inaweka mikorosho rehani kwa bei ya hasara, au inauza korosho ambazo bado ni maua kwa mnunuzi wa kangomba, jambo ambalo Serikali imelipiga marufuku. Angalia kilichotokea: aliyekosewa amegeuzwa mkosaji kwa sababu ya bili. Msimu ukifika, mavuno si yake tena. Mwaka ujao hana pembejeo. Miaka mitatu baadaye hukumu inatoka, mshtakiwa anafungwa, na nyumba ile imekwisha kuanguka. Kwa watu hawa laki tano iliyokuja wiki ya pili ina maana kubwa kuliko milioni tano iliyoamriwa mwaka wa nne.

Kwa hiyo malipo yanayosubiri hatia ithibitike hayana maana. Tembo hashtakiwi, afisa anakuja, anaona nyayo, anaandika. Kwa nini jeraha la panga lililoandikwa na daktari kwenye PF3 lisitoshe kuonyesha kwamba mtu amekatwa? Nani alimkata ni swali la mahakama, na lichukue muda wake. Kwamba amekatwa ni jambo ambalo muuguzi wa zamu ameliona kwa macho yake. Wapo watakaodanganya, kama walivyo wanaodanganya kuhusu mahindi yaliyoliwa na tembo, na hatukufuta kanuni za 2011 kwa ajili yao.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, ambayo kila anayeunga mkono wazo hili angependa isitajwe. Kijana amekamatwa usiku akiiba korosho ghalani au kuku bandani. Watu wanapiga yowe, wanakusanyika, wanampiga mawe mpaka anakufa. Kesho yake taarifa ya polisi itasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Ana mke na watoto wawili. Je, nao walipwe?

Ukiuliza swali hili barazani utajibiwa kwa sauti moja, na jibu halitakuwa ndiyo. Hata Uingereza, iliyoanza kulipa mapema, hupunguza au hunyima malipo kwa mwathirika mwenye rekodi ya uhalifu. Hisia hiyo naielewa. Korosho zile ni jasho la mtu aliyepalilia na kupuliza salfa kwa miezi, na aliyeibiwa hakulipwa na mtu yeyote.

Hata hivyo tukiwanyima watoto wale, tumebadilisha maana ya malipo yote. Yatakuwa zawadi ya wema, na Serikali itakuwa imejipa kazi ya kuamua marehemu gani alikuwa mtu mwema. Kazi hiyo haiwezi. Leo atanyimwa mwizi wa kuku, kesho kikongwe aliyeuawa kwa kuitwa mchawi, kwa sababu kijiji kizima kitaapa kwamba alikuwa mbaya; keshokutwa msichana aliyebakwa, kwa sababu mtu atauliza alikuwa anatoka wapi usiku ule. Kila aliyewahi kukaa kwenye baraza la kijiji anajua jinsi aliyeumizwa anavyochimbwa maisha yake mpaka lipatikane kosa. Tena yule kijana mwizi aliahidiwa na dola jambo la wazi kabisa: ukituhumiwa utapelekwa mbele ya hakimu. Kosa la wizi linamstahilisha kifungo. Alichopewa hakimo katika sheria yoyote ya nchi hii. Ahadi iliyovunjwa kwake imevunjwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika makala haya. Naona watoto wake walipwe sawasawa na wa dereva wa bodaboda, na aliyeibiwa korosho naye asikilizwe. Najua wengi watakataa, na ni afadhali tubishane juu ya hili hadharani kuliko kuliacha chini ya neno hasira kali.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana ugumu wake si mkubwa kama unavyodaiwa. Mkulima wa Masasi na Newala anajua makato kuliko mtu yeyote: kila kilo inayopita mnadani hukatwa kwa ajili ya chama cha msingi, chama kikuu, MAMCU au TANECU, na halmashauri. Faini za kesi za kupiga na kujeruhi zinaingia serikalini kila siku. Zinaweza kuwa mwanzo. Ila mkulima huyo huyo atatuonya. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ilikuwa imetengwa kisheria kwa maendeleo ya zao, na mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha ikahamia Mfuko Mkuu. Mfuko unaweza kuhamishwa kwa kikao kimoja cha bajeti. Kwa hiyo sheria isiishie kuunda mfuko. Impe aliyeumizwa haki ya kudai, ambayo anaweza kwenda nayo mahakamani, mfuko ukiwa umejaa au mtupu.

Hatua ya kwanza ingeweza kuwa ndogo: gharama za hospitali zilipwe bila familia kuweka rehani, mazishi yalipwe, na kaya ipate fedha ya kujikimu mpaka msimu ufuatao, kwa PF3 na barua ya mtendaji wa kijiji, malipo yakienda kwa jina la anayewalea watoto. Madawati ya Jinsia na Watoto na vituo vya Mkono kwa Mkono vimeonyesha kwamba tunaweza kumpokea aliyeumizwa mahali pamoja bila kumzungusha. Kinachokosekana ni sheria.

Mbunge wa Masasi, wa Ndanda, wa Lulindi au wa Newala akiitisha mkutano kijijini kwenu, mwulizeni sheria mahususi inayotajwa na Ibara ya 107A, ambayo ingemlipa mjane hata kama muuaji wa mumewe hajakamatwa, iko wapi. Mtendaji aliandike swali hilo kwenye muhtasari wa mkutano, pamoja na jibu.